Kitambaa Chekundu cha Fundi Bado

Baba yangu mdogo ni mwoga. Nasema hivi kwa heshima zote, na nikimsomea mstari huu atasema, "Andika mwoga sana, usinipunguzie." Anaogopa ngazi. Anaogopa mbwa wadogo kuliko wakubwa, kwa sababu mkubwa unamwona. Pikipiki anaiogopa kuliko ngazi na mbwa wakijumlishwa. Na mtu huyu, kati ya kazi zote zilizopo chini ya jua, alichagua kulala chali chini ya magari ya watu.

Mtaa mzima humwita Fundi Bado. Jina limetoka kinywani mwake mwenyewe. Mteja akiingia uani na kuuliza kama gari limekwisha, anajibiwa bado. Akirudi baada ya chai, bado. Hata gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, limeoshwa, linang'aa kama bibi harusi, yeye atalizunguka, atalisukuma kwa kiganja kwenye kila kona, atasikiliza, kisha atasema bado. "Huyu siku yake ya kufa," alisema dereva mmoja wa lori, "mtoa roho atasubiri getini mpaka asinzie."

Gereji ni ua wa nyumba yake. Ukiingia, kushoto kuna shimo la kukagulia magari, limejengewa matofali. Kulia kuna kamba ya nguo ya Mama Mdogo. Mpaka kati ya grisi na nguo safi ni mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa, na vita vya mpaka ule vilianza kabla sijazaliwa. Ukutani, kwenye msumari, inaning'inia ndala moja iliyobanwa ikawa nyembamba kama karatasi. Wateja wapya hudhani ni pambo la mtu asiye na picha. Alipokuwa kijana, anajifunza kazi kwa fundi mwingine, gari liliteleza kwenye jeki. Yeye alikuwa ametoka chini yake muda huo huo kwenda kunywa maji, mguu mmoja peku, maana ndala ilimtoka mguuni akaona uvivu kuirudia. Gari likaikalia. "Ile ilikufa kwa niaba yangu," husema, na huwa hacheki.

Tangu hapo haingii chini ya gari lililoinuliwa mpaka aweke vigingi vya chuma pembeni ya jeki, tairi la akiba lilazwe chini, na kila gurudumu lipate jiwe lake. Mimi nilisoma stashahada ya ufundi hadi katikati, kama mtu aliyefika nusu ya mto akakumbuka kitu nyumbani. Siku moja nikamwambia kwamba kwa hesabu, vigingi peke yake vinatosha. Akachukua taa. "Basi ingia wewe na hesabu yako," akasema, "mimi nitawamulikia." Sikuingia.

Kazi anayoipenda, kama mwoga anaweza kupenda kitu, ni bushi. Chini ya gari, pale shokomzoba inaposhikana na mkono unaobeba gurudumu, na pale mkono huo unaposhikana na mwili wa gari, kuna vipande vya raba vilivyokaa kati ya chuma na chuma kama mto kati ya kichwa na kitanda. Gari likipiga shimo, raba ndiyo inayokula kipigo. Ikizeeka hupasuka kama kisigino kisichojua mafuta, chuma huanza kugonga chuma, na gari hutangatanga barabarani kama mlevi anayesingizia kiatu. Raba mpya Baba Mdogo huibonyeza kwa ukucha, huinusa, huikunja. Haipaki grisi hata umlilie, maana grisi huila raba polepole. Huiingiza mahali pake kwa maji ya sabuni na kuibana kwenye vaisi, taratibu, kama mtu anayemvalisha mtoto kiatu akiwa usingizini.

Ila bolti inayopita katikati ya bushi haikazwi gari likiwa juu. Likiwa juu, gurudumu linaning'inia. Ukikaza hapo, raba hushikwa ikiwa imelala vibaya, na gari likishushwa, raba hujinyonga, ikachanika kabla ya wakati wake. Kwa hiyo nati hufungwa kwa vidole tu. Gari linashushwa, linasukumwasukumwa mpaka likae kwa uzito wake, ndipo fundi anaingia shimoni na spana ndefu na kukaza mpaka mishipa ya shingo imtoke. Kati ya vidole na spana kuna kipindi ambacho gari linaonekana zima kabisa, na si zima.

Kipindi hicho Baba Mdogo alikiwekea ishara. Ni kitambaa chekundu, hukifunga kwenye usukani. Kitambaa kikiwepo, bado. Akishakaza kila nati na kuipiga alama kwa rangi ya kucha ya Mama Mdogo, hukifungua kwa mkono wake mwenyewe. Sheria hiyo nyumba nzima inaijua. Mkwe wake anaijua kuliko wote, maana alisomewa kabla posa yake haijapata jibu. Alisomewa na ya pili: ukishika usukani, zima simu. Si kuinyamazisha, kuizima. Alikubali yote mawili, maskini, alikuwa anataka mke.

Siku ninayoisema, gari lililokuwa juu ya shimo lilikuwa la mkwe huyo. Dada, binti pekee wa Fundi Bado, alikuwa amekuja kujifungulia kwao, na sasa mumewe alikuja kumchukua yeye na mtoto; beseni la buluu la kuogeshea mtoto lilikuwa limeshafungwa juu ya gari. Kwao ni ng'ambo ya milima, na njia hushuka mteremko mrefu, mwamba upande mmoja, bonde upande wa pili.

"Baba, mbele linagonga kidogo," mkwe alisema tangu alipofika. Ni muuza dawa, mtu wa adabu, huongea kama anayesoma maelezo ya chupa.

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo tu, Baba."

"Mkwe wangu, hata maji ya kumzamisha mtu huanza kidogo. Lete shimoni."

Alibadilisha bushi zote za mbele. Akafunga nati kwa vidole, akashusha gari, akalisukuma, akafunga kitambaa chekundu kwenye usukani. Kisha akafungua kichupa cha rangi ya kucha akakuta imekauka. Mtu mwingine angekaza kwanza, akatafuta rangi baadaye. Yeye hapana. Kwake nati iliyokazwa bila alama ni uvumi. Akanawa mikono, akaenda dukani kona ya mtaa kununua rangi, na hakumuaga mtu, kwa kuwa kitambaa kilikuwa kinasema kwa niaba yake. Mimi nilikuwa barabarani najaribu pikipiki ya mteja niliyoitengeneza kabureta. Tulirudi pamoja, yeye kwa miguu na kichupa mkononi, mimi nikizima injini getini.

Juu ya shimo hapakuwa na kitu.

"Nani kalisogeza gari?" aliuliza.

Mama Mdogo alikuwa kwenye kamba anaanika, kibanio mdomoni. "Wameondoka. Mawingu yale hamyaoni? Mkwe kasema mvua isiwakute mteremkoni. Kakutafuta akuage, hukuwepo."

"Kaondoka na nini?"

"Na gari, bwana wewe. Ulitaka aondoke na punda?"

Macho ya Baba Mdogo yalikuwa kwenye kamba. Vilikuwa vimepangwa vitambaa vya mtoto, vyeupe, vimekunjuliwa vizuri, na mwishoni kabisa, kikidondosha maji tone kwa tone, kile chekundu. Kilikuwa kimefuliwa kikatakata. Sikuwahi kujua kama kina maua madogo pembeni.

"Kile umekitoa wapi?" Sauti haikuwa yake.

"Kitambaa hicho? Nilifuta viti, mjukuu wangu asikalie vumbi lenu. Nikazoa matambara yote yaliyokuwemo ndani, nikafua. Kwa kilivyokuwa kinanuka, kingekuwa na miguu kingekuja chenyewe kwenye beseni."

Akacheka. Kisha akamtazama mumewe, akatazama kamba, na kibanio kikamdondoka.

"Si ulikuwa umeshamaliza? Gari lilikuwa chini..."

"Mkwe aliangalia usukani?"

"Aliangalia," alisema Mama Mdogo, na mkono ukamwendea kifuani. "Alichungulia dirishani. Akasema, 'Mama, kitambaa hakipo, tayari.' Mimi nikampa mtoto. Mimi mwenyewe nikampa mtoto."

Nilipiga simu ya mkwe. Imezimwa. Kwa mara ya kwanza nilitamani mtu mmoja duniani awe hana adabu. Nikapiga ya Dada. Ikaita. Tukasikia inaitia sebuleni. Niliikuta kwenye kiti, chini ya nguo ya mtoto, inatetemeka na kujizungusha peke yake, na kwenye kioo chake jina langu la utani linacheza. Nikaitia mfukoni.

Nilipotoka, Baba Mdogo alikuwa ameshakaa nyuma ya pikipiki.

Nataka mwelewe hapo. Mtu huyu aliwahi kutembea mtaa kwa mtaa na jino limevimba kwa sababu usafiri uliokuwepo ni pikipiki. Sasa ameketi, spana ndefu amebana kwapani kama kipimajoto, mfuko wa shati umejaa nati, macho amefumba.

"Twende," alisema.

"Kofia ngumu, Baba Mdogo..."

"Twende, mwanangu."

Tukaenda. Mikono yake ilinizunguka kiuno nikapumua kwa juu juu. Nilitegemea kelele, dua, matusi ya hapa na pale. Hakutoa neno. Kimya chake kilinitisha kuliko barabara, maana namjua, akiogopa kidogo huongea sana.

Tulipotoka mjini tukaingia kwenye matuta, yale yaliyopangwa mbele ya shule, moja likiisha jingine linakukaribisha. Kila tulipopanda tuta nilimsikia mgongoni akiguna, si kwa ajili ya pikipiki. Alikuwa ndani ya gari lile. Kila tuta ni nati inayozunguka kidogo. Nati iliyofungwa kwa vidole haijui kwao ni wapi. Ukiitikisa, inaanza safari. Ikishadondoka, bolti nayo inatambaa kutoka, na ikitoka yote, mkono wa gurudumu unaachia na gurudumu linajikunja chini ya gari. Kwenye tambarare unaweza kutumbukia mtaroni ukasimulia. Kwenye mteremko, bondeni kule, hakuna wa kusimulia.

Mwisho wa matuta palikuwa na mama anauza machungwa. Nikasimama bila kuzima injini.

"Shikamoo, mama. Limepita gari la kijivu, juu limefungwa beseni la buluu?"

"Marahaba. Limepita. Nikasema hawa wamehama na sufuria zote."

"Kwa nini?" Baba Mdogo aliuliza, na ndiyo mara ya kwanza kufungua mdomo.

"Si linagonga chini! Ko, ko, ko. Kama mtu kafungiwa ndani anaomba mlango."

Nilihisi paji lake la uso likigusa mgongo wangu na kubaki pale.

Sikumbuki vizuri kipande kilichofuata. Nakumbuka upepo wenye harufu ya mvua na mkono wa mafuta wa pikipiki nilioukaza mpaka kifundo kikafa ganzi. Barabara ikaanza kupanda, ikapinda, ikafika pale juu ambapo kabla ya kona ya kwanza ya mteremko unaona bonde lote limefunuka, na mawingu yako usawa wako.

Katikati ya njia, limepinduka, palikuwa na beseni la buluu.

Baba Mdogo alitoa sauti ambayo sitaiandika. Aliruka kabla sijasimama, akaanguka, akainuka peku upande mmoja, akakimbia si kwenye beseni bali kwenye ukingo wa bonde. Nikaegesha pikipiki nikiwa nimeshaanza kulia, nasema wazi. Yeye alikuwa anachungulia chini, mikono kichwani, anatafuta rangi ya kijivu kwenye kijani.

Mimi nikaliendea beseni. Kwa nini, sijui. Labda kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kuchungulia. Juu ya kitako chake palikuwa na jiwe. Jiwe kubwa, limewekwa sawa sawa katikati.

"Baba Mdogo."

"Usiniite."

"Beseni lina jiwe juu."

"Usiniite, nimesema!"

"Beseni likidondoka haliwezi kujibebesha jiwe, Baba Mdogo! Kuna mtu kaliweka kuonya magari!"

Akageuka. Akalitazama lile beseni kama mtu anayesomewa hukumu kwa lugha ya kigeni. Kisha akaenda, akachechemea, akapita kona. Nikamfuata.

Gari lilikuwa limesimama upande wa mwamba. Kila gurudumu lina jiwe. Mbali na gari, mbali kuliko ilivyohitajika, Dada alikuwa amekaa juu ya begi, mtoto amemfunika kwa kanga, amelipa bonde mgongo. Mkwe alikuwa anatembea huku na huku, mikono ya shati ameikunja.

"Baba!" alisema alipotuona, na adabu ikampungua kidogo. "Afadhali umekuja. Mwambie binti yako. Nimemwambia ni kokoto zinarukia chini, hataki. Mvua inakuja, mtoto mchanga..."

Baba Mdogo alimpita kama mlango ulio wazi. Akapiga magoti mbele ya Dada, akafunua kanga, akamtazama mtoto. Mtoto alikuwa amelala. Akamfunika tena.

"Ilikuwaje?"

"Kokoto hazigongi kwa mpango, Baba," Dada alisema. Midomo yake ilikuwa imekauka. "Kwenye matuta lilikuwa linagonga tu. Tulipofika hapa, akigusa breki, pua ya gari inavutwa kwenda bondeni. Nikamwambia simama. Akasema tukifika chini. Nikafungua mlango gari likitembea, nikatoa mguu nje."

"Mguu nje, Baba!" mkwe alisema. "Na mtoto mkononi!"

"Si ulisimama?" Dada akamjibu.

Baba Mdogo alikwenda akalala kifudifudi kando ya gurudumu la mbele, akachungulia. Alipoinuka uso ulikuwa wa majivu. Akamwita mkwe kwa kidole, akamshika shingo kwa upole, akamwinamisha. "Angalia pale. Unaona bolti?"

"Naona ncha yake, Baba."

"Nati iko wapi?"

Mkwe akakaa chini barabarani, palepale, na suruali yake ya pasi.

Nati moja ilikuwa imeshakwenda, na bolti ilikuwa imebaki kwenye tundu kwa kipande kifupi kuliko ukucha wangu wa kidole gumba. Kona moja zaidi yenye breki ingeimaliza.

Tuliinua kwa jeki ya gari, tukairudisha bolti kwa kuigonga taratibu. Baba Mdogo akatoa nati mfukoni, akafunga zote kwa vidole. Nati zilikuwa zinalia kwenye chuma kama meno ya mtu mwenye homa. Mkwe, ambaye sasa hata kikohozi alikuwa anakiombea ruhusa, akasema, "Baba, kaza tu likiwa juu. Kwa leo. Tukifika tutatafuta fundi alegeze akaze upya."

Nami nilikuwa nataka aseme ndiyo. Maana kukaza inavyotakiwa ni kushusha jeki, gari likae kwa uzito wake, na fundi aingie chini yake. Hakuna shimo pale. Hakuna kigingi, hakuna tairi la kulaza. Ni mawe ya kuokota, kwenye mteremko, na matone ya kwanza yameanza kulowesha lami.

"Utatafuta kesho," Baba Mdogo alisema. "Kesho utakuwa na kazi. Utasema wiki ijayo. Raba itakuwa inajinyonga, na itachanika siku ambayo mimi sipo na siijui." Akashusha jeki. "Mbwa huyu wa leo ni mkubwa. Namwona."

Akaniamuru mimi na mkwe tukaegemee gari kwa mbele, kana kwamba nyama zetu zingelizuia. Akaongeza mawe. Akavua ile ndala moja iliyobaki mguuni, akaiweka kando ya barabara, mbali. Kisha akajipenyeza chini ya gari, kichwa kwanza, mpaka nikabaki naona nyayo zake tu, zimeelekea juu, vidole vimekunjana.

Nilikuwa nasikia spana, na pumzi zake. Kila akivuta spana gari lilitikisika kidogo, na kila likitikisika mkwe alikuwa anasema, "Yarabi, Yarabi," kwa sauti ya kuhesabia vidonge. Dada alikuwa amesimama sasa, mvua inamnyeshea, hakuondoa macho kwenye zile nyayo.

"Imeshika," sauti ilitoka chini.

Akahamia nyingine. Na nyingine. Kisha kimya.

"Baba?" Dada aliita.

"Bado," sauti ilijibu. "Napaka rangi."

Alikuwa na kile kichupa. Muda wote ule, matutani, kwenye ukingo wa bonde, kilikuwa mfukoni mwake.

Alipotoka hatukumpongeza; hakuwa na sura ya kupongezwa. Akalipeleka gari mwenyewe, mbele kidogo na nyuma kidogo, akafunga breki, akasikiliza. Akalisukuma kwenye kila kona. Dada akaingia na mtoto. Nikampa simu yake. Mkwe akashika usukani.

"Baba, twende sasa?"

"Nendeni."

Lakini alikuwa ameshika mlango wa upande wa Dada, kioo kiko chini, vidole vyake vyeusi vimening'inia ndani. Mkwe akawasha. Vidole vikabaki.

"Baba," Dada alisema, "achia mlango."

"Nimeachia."

"Hujaachia, Baba."

Akatazama mkono wake kama wa jirani. Ukaachia, kidole kimoja kimoja. Gari likaanza kushuka, polepole, na wala sikusikia likigonga. Tulisimama mvuani mpaka likapotea kwenye kona, likaonekana tena dogo, likapotea tena.

Nikaleta pikipiki. Akaitazama, akaanza kutembea. Nikatembea naye, nikiisukuma, beseni la buluu liko kichwani kwangu kwa sababu tulisahau kulifunga juu ya gari na mvua ilikuwa imekolea. Tulikuwa tumeshateremka upande wa kwetu mpaka karibu na yule mama wa machungwa simu yangu ilipoita. Nikamnyooshea. Akaitazama ikiita, akatikisa kichwa, akarudisha mikono nyuma.

"Sema wewe. Mimi siwezi."

Nikapokea. Nikasikiliza. "Wamefika chini," nikamwambia. "Wako kwenye tambarare. Mtoto ameamka, ana njaa."

Baba Mdogo alikaa juu ya tuta la shule, miguu yote miwili peku, maana ile ndala aliisahau kule juu. Akafunika uso kwa mikono yenye grisi. Alipoifunua, uso ulikuwa na alama za vidole kila upande, nami nikafungua mdomo nimtanie, nikaufunga.

"Wameshafika nyumbani?" aliuliza.

"Bado, Baba Mdogo."

Akainuka, akapanda pikipiki, akafumba macho.